Samaki Mwenye Afya Mno

Ndoana inataka mikono miwili, mmoja ushike chambo na mwingine uchome. Hilo hata mtoto mdogo wa Msambweni analijua. Mimi nilikuja kulijua vizuri siku Baba alipojaribu kumchoma dagaa kwa mkono mmoja. Ndoana ameibana kwa magoti, dagaa anateleza, anamwokota, anateleza tena, mpaka ndoana ikamwingia yeye mwenyewe pajani. Hakupiga ukelele. Alimtupia paka yule dagaa, akasema, "Mkono mmoja hauchinji ng'ombe," kisha akaingia ndani. Tangu siku hiyo hakutoka tena nje ya ua wetu.

Baba yangu, Mzee Kibwana, ni nahodha. Nasema ni, sisemi alikuwa, na anayetaka kunisahihisha aje tuonane. Kiharusi kilimpiga mwaka jana baada ya Idi, kikachukua mkono wa kushoto wote na nusu ya mguu. Ulimi kilimwachia, alhamdulillahi, ingawa ziko siku Mama alitamani kingechukua na huo. Lakini lililomuuma Baba si ule mkono, ni macho ya watu. Watu waliomzoea akiruka kutoka botini na nanga begani, leo wamwone akiburura mguu? Thubutu! Msikitini akaacha kwenda, akawa anaswali nyumbani. Wageni wakija walimkuta amekwisha kuketi, na hakuinuka mpaka wamekwenda zao, hata kama kibofu kilikuwa kinampasuka.

Na mimi sikuweza kuvumilia. Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda changu karibu na soko, lakini mtu wa kukaa kitako sijawahi kuwa. Mama huniita kiguu na njia. Basi mtu kama mimi, kumwona baba yake anaoza kitini kama ndizi iliyosahauliwa, atalala vipi? Nilikuwa nikiketi nainuka, nikiinuka sijui ninakokwenda. Nikishona mkono wa gauni nautia kwenye shingo.

Siku moja akaja Lennox kupunguziwa suruali. Lennox ni kijana wa bara, kwao Kakamega, anafanya kazi kwenye boti inayowapeleka watalii kuvua nje ya mwamba kule Chale. Nikamuuliza, kwa maneno tu ya kupitisha wakati, huko botini kwao nani huwachomea wazungu chambo.

"Chambo gani, Dama?" akacheka. "Sisi tunatumia samaki wa plastiki. Unamfunga nyuma ya boti, boti inaenda, yeye anafuata akicheza kama wa ukweli. Kubwa ikimwona, inamkamata. Hakuna kuchoma kitu, ndoana ziko kwa tumbo yake tayari."

"Na mshipi unashikwa kwa mikono mingapi?"

"Moja inatosha. Hata kuna wenye wanalala na mshipi mkononi."

Sindano ikanichoma kidole nisisikie. Kumbe! Kurambaza kwa samaki wa bandia, mtu ameketi nyuma ya boti, mkono wa kulia una mshipi, mwengine anaendesha mashine. Baba angeweza. Mungu wangu, Baba angeweza kesho!

Lennox aliniletea mmoja aliyevunjika mkia na ulimi, kwa sababu wazima wana mwenyewe. Huo ulimi ni kibati kidogo chini ya kidevu, ndicho kinachosukumwa na maji hata samaki akatikisika. Bila ulimi samaki huyo ni kijiti tu. Nikasema vyema, kama mzungu amemtengeneza kwa plastiki, mimi nitamchonga kwa mti. Nikatafuta mti wa msufi kwa kuwa ni mwepesi, nikachukua kisu cha Mama cha jikoni bila kuomba ruhusa, ulimi nikaukata kwenye mfuniko wa kopo la rangi, mkia nikauchana kwenye kandambili kuukuu. Magamba nikayapaka kwa rangi ya kucha. Tumboni nikamtia kipande cha risasi asielee kama kifuu.

Wa kwanza alielea tumbo juu. Wa pili alizunguka kama pia mpaka mshipi ukajisokota. Mwengine alizama moja kwa moja, nadhani yuko huko chini mpaka leo ananicheka. Wateja wakaanza kuja juu. Mmoja akaniambia mbele za watu, "Dama, harusi ni Ijumaa. Nimwambie bwana harusi asubiri samaki wako aogelee?" Nikamwambia amwambie. Nilikuwa nimefika hapo.

Hatimaye nikampata aliyeogelea sawasawa. Weee, nilimpenda! Alinyooka, alitikisa mkia, uzuri mtupu. Binamu yangu Tsofa akamvuta nyuma ya boti asubuhi nzima nje ya mwamba. Hakuna aliyemgusa, si nguru, si kolekole, hata kibua mwenye njaa. Lennox alipomwona, akatikisa kichwa.

"Shida ya huyu ako na afya mno. Cheki vile anaenda, kama mtu anaenda intavyuu. Samaki mkubwa si mjinga, hawezi sumbuka na mzima na kuna mgonjwa hapo karibu. Tafuta mgonjwa, Dama."

Mgonjwa! Nikaanza kutafuta samaki mgonjwa nimtazame anavyokwenda. Nikaleta mikizi hai kwenye karai la Mama la kufulia, nikawainamia nikiwatolea macho. Walikuwa na afya kama askari wapya. Wakichoka walikufa mara moja, hawakuugua hata kidogo kwa faida yangu. Niliwatukana. Mama akanikuta, akauliza, "Wewe umeona wapi mtu akiwaombea samaki ugonjwa?" Akamwaga maji, akafua nguo zake.

Nikaendelea kuchonga kwa hasira. Nilikaa uani karibu na pipa la maji, Baba akipita kwenda kutia udhu na kurudi, bakora na mguu, bakora na mguu, nami sikuinua hata macho. Ulimi nikaukata upande, risasi nikaisogeza kushoto, mkia nikauungia raba ulegee. Nilikuwa nakata tu. Mkono ulikwenda wenyewe, mimi nafikiria gauni la watu.

Nikamtia kwenye karai, nikamvuta. Alikwenda kidogo, akaangukia kushoto, akatetemeka, akajiinua, akaenda tena. Tena akaanguka, tena akajiinua. Nilipiga kigelegele mpaka kuku wakaruka.

"Baba! Baba, njoo umwone! Twende pwani, Tsofa ana boti, twende ukamjaribu mwenyewe!"

Baba alikuwa kitini, shingo ameinyoosha kutazama karai. Kusikia neno pwani, akairudisha. "Nenda na Tsofa."

"Sikumtengenezea Tsofa. Nimekutengenezea wewe."

"Nani alikutuma?"

Basi mimi hasira zangu ziko puani, mtu asiniguse. Siku zote hizo silali vizuri, vidole vimejaa plasta, wateja wamenikimbia, halafu naambiwa nani alikutuma? Nikafungua mdomo, na mdomo ukifunguka haurudi. "Mpaka lini, Baba? Mpaka lini utajificha ndani kama mwali?"

Mama akajishika mdomo. Nahodha mzima kuitwa mwali, msichana anayefichwa akingoja kuolewa, na aliyemwita ni mwanawe wa kumzaa. Nilijua nimevuka mpaka. Baba alinitazama, kisha akasema polepole, "Nipe bakora yangu."

Nilidhani atanipiga nayo, na ningekubali. Akajiinua nayo.

"Tangulia," akasema. "Nitakuja nyuma yako. Na huyo mdudu wako asipoogelea, leo utanitambua."

Nikataka kumwitia bodaboda, akaninyamazisha kwa jicho moja. Nikatangulia. Nilijua kwa nini ametaka nitangulie, hakutaka hata mimi nimtazame akitembea. Nikawa nakwenda huku masikio yameelekea nyuma. Nilisikia watu wakimwamkia njiani, "Shikamoo, nahodha! Ah, nahodha, umetoka?" naye akijibu marahaba, marahaba, kwa sauti ya mtu aliyebanwa na mlango.

Pwani ilikuwa imejaa. Mashua zilikuwa ndiyo kwanza zinaingia, wanawake wamesimama na ndoo zao wakingoja samaki, vijana wanatoa majani kwenye nyavu. Tsofa alikuwa kwenye boti anahangaika na mashine. Lennox naye alikuwapo, ni siku yake ya mapumziko na nilimpigia simu njiani aje kutoa hukumu. Sikuweza kusubiri. Miguu ilikuwa inawasha. Nikaingia maji ya magotini, nikamtupa samaki wangu, nikamvuta sambamba na ufuo.

Akaenda, akaanguka kushoto, akatetemeka, akajiinua. Wanawake wakasogea. "Ehee, kama hai vile!" Vijana wakaacha nyavu. Nikavimba kichwa. Na wakati huo huo Baba alikuwa anatokea kwenye minazi, anashuka mchangani. Mchanga mkavu ni mgumu hata kwa mwenye miguu miwili. Akawa anakwenda kidogo, anaangukia kushoto, anatetemeka juu ya bakora, anajiinua, anaenda tena.

Lennox akamtazama samaki. Akamtazama mzee anayeshuka. Akapiga kofi. "Dama! Hii kitu inatembea kama buda yako!"

Kijana mmoja akacheka kwa sauti. Wengine wakacheka kwa kumfuata yeye, kisha macho yote yakatoka kwa samaki yakaenda kwa Baba, yakarudi kwa samaki. Na mimi nikaona. Wallahi sikuwa nimejua. Mwaka mzima nimemsikiliza akipita nyuma ya mgongo wangu, bakora na mguu, na mkono wangu ukamchonga, nikampaka rangi ya kucha, nikamleta mbele ya watu wale wale anaowakimbia. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze na huo mshipi.

Baba alisimama katikati ya mchanga. Kicheko kikazimika. Lennox akawa mdogo kama sisimizi, akasema, "Shikamoo, mzee. Pole, mzee, sikumaanisha vibaya." Baba hakuitikia shikamoo. Sijawahi kumwona Baba akiiacha shikamoo hewani. Nikajua atageuka, atarudi ndani ya ua, na safari hii hatatoka mpaka atolewe na watu wanne, jeneza begani.

Akashuka. Akaja mpaka kwenye maji, viatu na vyote, akaichomeka bakora mchangani, akanyoosha mkono wa kulia.

"Lete."

Nikampa mshipi. Akamvuta samaki mara moja, kichwa ameinamisha. Akamtupa tena kwa mkono ule mmoja, akamvuta polepole. Hata Tsofa aliiacha mashine.

"Ulinitazama mimi?" akauliza bila kuinua uso.

"Sikujua, Baba. Wallahi sikujua."

"Basi hukunitazama vizuri."

Machozi yalikuwa yamekwisha kunifika kidevuni.

"Huyu wako akianguka anainuka papo hapo," akasema, sauti imepanda, sauti ile ya zamani ya kuwafokea mabaharia. "Nani mgonjwa anayeinuka papo hapo? Mgonjwa akianguka, hutulia kwanza. Hukusanya nguvu. Nguru hamli anayeyumba, humngoja atulie. Hapo ndipo anapopiga. Una kisu?"

"Ninacho."

"Kitoe."

Akanirudishia mshipi. Akatoka majini, akapanda kwenye mchanga mgumu, mahali ambapo kila mtu anamwona. Bakora yake akampa Lennox aishike, na Lennox akaipokea kwa mikono miwili. Kisha Baba yangu, aliyekuwa anabana kibofu ili wageni wasimwone akisimama, akaanza kutembea mbele ya wanawake wenye ndoo, mbele ya vijana wa nyavu, mbele ya Msambweni yote. Hatua, akaangukia kushoto. Akatulia palepale. Niliona bega linavyotafuta nguvu, niliona jasho. Akajiinua, akaenda. Alipofika kwenye boti ya Tsofa akageuka, akanikuta nimemtolea macho ya machozi, kisu kimelala mkononi.

"Usinitazame uso, Dama," akafoka. "Tazama mguu, na uchonge."

Akaanza kurudi.