Kijiti cha Kushikilia Mfuko

Pindo ni fundi cherehani, na jina hilo alibandikwa kwa sababu hawezi kuona pindo la nguo asilivute kidogo, aone kama uzi umekamata. Hata la mtu asiyemjua.

Sasa mwenye nyumba akaleta habari: wiki ijayo uwanja wa nyuma unamwagwa zege, magari yapate pa kulala. Na pale karibu na bomba, jamani, ndipo ilipo haidrenjia ya mama yake, yale maua ya buluu manene kama kabichi. Mama mwenyewe hayupo, yuko kwa binti yake mkubwa analea mjukuu. Alipoondoka aliacha neno moja tu: "Mwanangu, gauni likiharibika utashona lingine. Haidrenjia yangu huwezi kuishona."

Kuing'oa kukashindikana, mizizi imejikita chini ya ukuta. Pindo akatazama video tatu kwenye simu, akachukua mkasi wa jikoni (ule wa vitambaa hagusi mtu), akakata vipandikizi sita visivyo na maua, akaacha majani mawili mawili juu, akavichomeka kwenye kopo pana la rangi lililotobolewa chini. Akafunika kwa mfuko wa plastiki, unyevu usitoroke. Mfuko ukawa unalalia majani. Basi akaokota kijiti kitupu kilichobaki kwenye matawi yale yale aliyoyakata, akakisimika katikati kama nguzo ya hema.

Mumewe, kinyozi, akachungulia. "Hicho ni kitalu au wodi ya mahututi?"

"Cheka tu. Mama akirudi utamjibu wewe."

"Mimi ni mkwe. Mkwe hajibu, mkwe anakohoa tu."

Zege likamwagwa. Likabaki kopo.

Wiki ya pili vipandikizi viwili vikanyauka. Ya nne, vikabaki viwili, navyo vimeinamisha vichwa. Jioni moja Pindo akamkuta mumewe kainamia kopo, kipandikizi mkononi.

"Unafanya nini?"

"Naangalia kama kimetoa mizizi."

"Tangu lini?"

"Kila jioni. Nilikuona huna habari, nikasema mtu afuatilie."

Pindo akakaa kwenye ndoo. "Mume wangu, mimi navichomoa kila asubuhi."

Wakatazamana.

"Mara mbili kwa siku, mwezi mzima," kinyozi akasema taratibu. "Hata mimi ningenyauka."

Siku mama anayorudi, vyote sita vilikuwa vimekauka kau. Pindo akafunua mfuko, akashika kile kijiti cha katikati akitupe. Akakivuta kidogo. Kikagoma.

Akakiachia kama kimemuunguza. Kwenye kifundo cha kijiti, macho mawili ya kijani yalikuwa yanachomoza. Wiki zote hizo hakuna aliyekigusa, maana kilikuwa nguzo tu.

Mama akaingia, akasimama kwenye zege, akaangalia pale karibu na bomba. Kinyozi akakohoa. Pindo akamletea kopo mikononi.

"Ni ile ile, mama. Imebaki hii."

Mama akainama mpaka miwani ikamteleza. Uso ukamlegea, akacheka kidogo. Kisha vidole vikakiendea kijiti, taratibu, vikakibana.

"Mama, usivute," wakasema wote wawili.

"Kwani navuta? Naangalia tu kama imekamata."

Pindo akauondoa mkono wa mama yake, kidole kimoja kimoja.