Dawa ya Sukari

"Kumbe una sukari na ukanyamaza!" Mama mkwe, Marieta, alisimama mlangoni, pakiti ya vidonge mkononi.

Wankyo alikuwa amekaa juu ya turubai akichambua pamba, safi huku, fifi yenye madoa kule. Mkono wake ukasimama. "Umepekua begi langu, mama?"

"Jirani, Mzee Onesmo, ameviona. Ana sukari, anamezaga hivihivi kila siku. Kwenu walijua, wakatuoza mgonjwa wakala ng'ombe zetu za mahari. Kesho tunaenda kwenu Butiama, zirudi zote kumi na mbili!"

"Sina sukari. Daktari wa Bunda alisema homoni zangu zimevurugika, mayai hayakomai. Hiyo dawa inasaidiaga na hilo."

"Daktari gani anatibu uzazi kwa dawa ya sukari?"

Hasira ilimpanda Wankyo. Wiki tatu za mwanzo vidonge vilimwendesha tumbo, akawa anakimbilia kichakani kila akifika nusu ya mstari wa pamba. Akavumilia. Hedhi iliyokuwa ikipotea miezi minne, mitano, sasa ilikuwa imekuja miezi mitatu mfululizo, kwa tarehe. Ilipokuja ya tatu, alicheka peke yake bafuni. Leo wanataka kumrudisha kwao kama gunia lililokataliwa kwenye mizani!

Akamgeukia mumewe. Masatu alikuwa pembeni akishona magunia, na hakuna asichokijua. "Mwambie mama ukweli."

"Tusigombane," alisema Masatu, macho kwenye sindano.

Tusigombane! Miaka mitano anaitwa mgumba katika boma hili, na huyu bwana amefyata mkia. Wankyo aliinuka, nyuzi za pamba zimemganda kwenye kanga. Alimpokonya mkwewe pakiti, akaingia ndani, akatoka na karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Wewe ndiye msomaji wa masomo kanisani, mama. Soma na hii. Daktari alituandikia vipimo watu wawili. Mimi nilipima siku ileile. Hii ya pili ina miezi mitatu chini ya godoro, haijafika maabara."

Marieta alisogeza karatasi mbali na macho, akasoma taratibu, midomo ikichezacheza. Alipofika kwenye jina alirudia, kisha akamtazama mwanawe.

"Masatu?"

Masatu aliweka sindano chini, akainuka, akaenda zizini kuwatazama ng'ombe ambao walikuwa wamelala, wanacheua.