Mkwe Mwenye Tochi

Mama Bulugu alikuwa akitikisa kibuyu cha maziwa nyuma ya nyumba yake pale Nemba, na kila akitikisa, tumbo la chini linamvuta. Tangu mavuno ya mahindi alikuwa akitokwa damu kila mzee wake akimkaribia. Dada yake mkubwa alianza hivyo hivyo huko Shinyanga, wakamzika. Usingizi ulikuwa umemkimbia kwa ajili hiyo. Na gari la kupima saratani ya mlango wa kizazi lilikuwa uwanja wa shule, leo ndiyo siku ya mwisho, naye kwenda hataki.

Akatokea Febronia, katibu wa Umoja wa Wanawake, mtu wa Ngara aliyeolewa huku, kavaa fulana ya njano yenye maandishi kifuani: JIPIME MAMA.

"Habari za hapa, Mama Bulugu?"

"Njema. Hiyo fulana umeivaa au imekuvaa?"

Febronia akavuta kigoda. Umoja wao ulikuwa umepewa ruzuku kwa sababu Wahangaza na Wasubi wanapimwa, Wasukuma hawaonekani. Ikanunua fulana, ngoma na biskuti za semina. Kila semina wanawake wa Kisukuma walikaa wamempa msemaji mgongo, kanga kichwani, wakatafuna biskuti kimya. Mwenyekiti, Marsiana, akasema hizo ni mila potofu, akaagiza kipaza sauti kikubwa zaidi.

"Mwenzangu, mnaogopa nini? Wanapaka siki tu, kama ya kachumbari."

"Siki siiogopi."

"Basi ni aibu. Umezaa saba, aibu umeitoa wapi?"

Mama Bulugu akaweka kibuyu chini. "Anayepima ni nani?"

"Si ni daktari Leonidasi!"

"Leonidasi kaoa wapi?"

"Kaoa Happyness wa..." Mdomo wa Febronia ukabaki wazi.

Happyness ni binti wa kaka wa mzee wake Mama Bulugu. Basi Leonidasi ni mkwe wa kina mama wote wa ukoo ule, na kwao Wasukuma mama mkwe na mkwe hawatazamani usoni. Juzi tu Mama Bulugu aliona pikipiki yake inakuja, akajitupa kwenye mihogo na ndoo ya maji kichwani, akatoka kalowa chapa.

"Uso wangu kijana huyo hajauona," akasema. "Nyie mnataka aanzie huko? Tena na tochi?"

Febronia akacheka mpaka fulana ikapasuka kwapani. Kisha akaona mwenzake kajishika tumbo, kicheko kikakatika.

"Unaumwa?"

"Natokwa damu. Kama dada yangu."

"Na hukusema!"

"Ningesema wapi? Kwenye semina, mkwe kashika kipaza sauti?"

Febronia akampigia Marsiana. Marsiana akasema nesi wa kike hayumo kwenye bajeti.

"Biskuti zimo?" Febronia akamuuliza, akakata simu. Akampigia Nice, nesi wa Nyakanazi, naye akaja kwa bodaboda na vumbi lake lote.

Aliyefurahi kuliko watu wote alikuwa Leonidasi. "Nilimwambia mwenyekiti," akasema, "akanijibu mimi ni mtaalamu, sina mama mkwe kazini." Akabeba kiti chake, akaenda kukaa nyuma ya choo cha shule, kaelekea porini.

"Shikamoo mama. Lala, ulegeze miguu," akasema Nice ndani ya gari.

"Marahaba. Kulegeza ni rahisi kwako uliyesimama."

Siki ikapakwa. Nice akainama, akachungulia. Mama Bulugu akakodolea macho turubai la juu, akamwona dada yake waziwazi.

"Kuna weupe hapa. Bado haujawa saratani, lakini ndiko unakoelekea. Nauchoma leo leo."

"Choma, mwanangu."

Ikauma kama tumbo la mwezi. Machozi yakamtoka, si ya maumivu.

"Damu ikirudi usingoje gari, njoo kwangu Nyakanazi," akasema Nice akivua glavu. "Na mzee asikuguse mwezi mzima. Nimwandikie?"

"Mwandikie," akasema Mama Bulugu, akifunga kitenge chake. "Hajui kusoma. Nitamsomea mimi, miezi miwili."