Halemu ya Baba Shiko

Tangu tumzike mke wangu Wangeci, nyumba yangu hapa Kimbo ilibaki na sauti kwa sababu ya wanawake watatu tu. Saida, tunayemwita Mama Ikhlas, alikuwa analeta mahamri asubuhi. Mutheu wa chumba cha pili alikuwa analeta muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa na maharagwe, jioni. Na Maggie, anayelima kule Theta, akipita na sukuma lazima asimame na wenzake pale mlangoni wapige domo. Mimi nakaa ndani na redio. Sikuwaomba. Walikuja tu, na mtu aliyezoea kelele za mke akisikia kelele za wanawake mlangoni, moyo unatulia kidogo.

Halafu Mugo akaongea.

Mugo ni mwenyekiti wa wapangaji wa ploti yetu. Sisi hatukumchagua, alichaguliwa na mwenye ploti, vile wakubwa wote huchaguliwa na watu tusiowaona. Maji yakikatika haonekani. Choo kikijaa simu yake imezimwa. Lakini masikini akipata raha kidogo, huyo amefika na viatu vyake vya kung'aa. Ni mkubwa wa aina hiyo hiyo aliyeniambia hospitalini, Wangeci akiishiwa na pumzi, kwamba mashine ya kupumulia iko, lakini mwenye ufunguo wa stoo ameenda semina. Sijasahau. Nitakufa sijasahau.

Basi Jumamosi tulikuwa kwa mkutano wa maji. Badala ya maji, Mugo akaanza kunicheka mbele ya watu.

"Zacharia, wewe ni kama yule kijana wa katuni za Wajapani, zile watoto wangu wanatazama. Anapigana na majitu, na nyuma yake kuna wasichana watatu, wanne, wote wanamtaka yeye. Vijana wanaita halemu. Mzee ana halemu hapa Kimbo!"

Watu wakacheka. Mutheu akaangalia chini. Maggie akachukua kikapu chake akaenda.

Mimi nilisikia haramu. Mugo ni mtu wa kusema "balaka" akitaka baraka, kwa hivyo niliona ulimi umeteleza kama kawaida. Na haramu ninavyojua ni neno la akina Mama Ikhlas. Asubuhi alipobisha na sahani yake, nikamuuliza.

"Mama Ikhlas, hii mahamri yako ni haramu?"

"Unasema nini, Baba Shiko?"

"Mugo alisema hapa kwangu kuna haramu. Nimefikiria usiku kucha, nikaona labda ni chakula."

Aliniangalia, akaangalia sahani. "Chakula cha mikono yangu hii? Na mbona hukuuliza kabla hujakula yale mengine yote?"

Akageuka na sahani yake. Jioni mlango wa Mutheu ulikuwa umefungwa. Maggie alipitia upande ule mwingine wa ploti.

Wiki hiyo nilijipikia ugali, ukawa unga katikati. Nikawasha redio, nikazima, nikawasha tena. Nilitaka kitu kimoja tu, wale watu warudi pale mlangoni, na sikujua nianze na nani.

Jumapili iliyofuata msichana wangu Shiko alikuja kutoka Thika, ambako ana kazi katika duka la kuuza filamu. Nilipomwambia, alicheka mpaka akakaa chini.

"Baba! Si haramu. Ni haremu! Mwanaume mmoja, wanawake wengi wamekaa kumngojea yeye."

"Ngai! Na mimi nimemwambia Mama Ikhlas mahamri yake ni haramu."

"Hapo umemaliza ploti yote, baba."

Nikamwambia anionyeshe hiyo katuni. Akafungua laptopu yake kitandani, tukakaa. Kijana ana nywele rangi ya ndimu na upanga uliovunjika. Wasichana ni watatu.

"Huyu hana haremu," nikasema. "Huyu hana hata kitanda. Tangu tuanze analala chini ya daraja. Na yule msichana wa mshale ndiye anamwokoa."

"Sawa, huyu anaonewa. Lakini kuna wengine ni haremu kabisa, baba. Vita ni vya kufunika tu. Kila msichana akiingia lazima amwangukie kifuani."

"Sasa mtu atajuaje?"

"Ngoja shujaa atoke. Akienda zake, wale wasichana wanaongea nini? Kama ni yeye tu, yeye tu, hiyo ni haremu. Kama wana mambo yao, hao ni watu wanatembea pamoja." Akapunguza sauti ya laptopu. "Mum ndiye alisema hivyo. Tulikuwa tunazitazama ukiwa kazini usiku."

Sikuwa najua Wangeci anatazama katuni.

Yule kijana akaanguka mtoni akapotea. Wasichana wakawasha moto. Mmoja akasimulia mkate wa kwao, mwingine akashona kiatu, wakachekana. Jina la kijana halikutajwa.

"Unaona!" nikasema. "Mugo ni mwongo."

Jumatatu mchana, Shiko akiwa amerudi Thika, nilichukua mtungi nikaenda kwa bomba nyuma ya ploti. Nilikuwa nimepanga maneno. Kabla sijapita ukuta wa mabati nikasikia sauti zao watatu. Nikasimama. Nikajiambia, hapa ndipo nitajua.

Maggie alikuwa anaongea juu ya wadudu kwa sukuma. Mama Ikhlas akaleta habari ya jino la mtoto wake linalouma.

"Mama Shiko angekwambia uweke karafuu," Mutheu akasema.

Nikasikia mtungi ukisogezwa.

"Mimi nilikuwa napenda tu kusimama pale mlangoni kwake," Maggie akasema. "Leso yake bado imetundikwa pale. Ni kama yuko jikoni."

"Na huyu Mugo anasema ati tunamfuata mzee!" Mama Ikhlas akasema.

Wakacheka sana.

"Mzee yupi? Mimi sijui hata kama anakunywa chai na sukari."

"Mimi najua anakohoa," Mutheu akasema.

Basi haremu hakuna. Nimeshinda Mugo, na ningeweza kusimama kwa mkutano niseme. Nilisimama pale na mtungi mtupu, kikohozi kikanishika.

"Ni yeye," Mutheu akanong'ona. Halafu kwa sauti, "Baba Shiko, karibu maji."

Yale maneno niliyopanga nikayaacha. Nikamwambia Mama Ikhlas pole, lile neno nilisikia vibaya. Nikawaambia, "Leso bado iko. Sitaitoa."

Jioni walikuja. Mama Ikhlas aliniwekea sahani mezani akasema, "Hii ni halali, nimeikagua mwenyewe," akarudi mlangoni kwa wenzake. Wakasimama chini ya leso wakaongea juu ya jino. Mimi nikazima redio nisikie vizuri. Chai yangu nikaitia sukari mwenyewe.