Kitanda cha Mlinzi

Tangu wamzike dada yake, yapata wiki sita, mfuaji wa nguo za hospitali hakuwa amelia wala kucheka. Alikwenda kazini akarudi, akala kilichopikwa bila kujua kimetiwa chumvi au la. Watu walimpa pole, naye akazipokea kama anavyopokea furushi la mashuka dirishani: asante, weka pale. Wapo waliosema huyu mama ana moyo wa jiwe. Hakuwalaumu. Hata yeye alipojigusa kifuani alikuta pamekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu.

Dada alimwachia binti wa miaka kumi, mwembamba, asiyetulia, kila saa kabeba kitu anakipeleka mahali. Ndiyo maana wakamwita Sisimizi. Baba yake alikwishatangulia zamani. Mtoto huyo alikuwa akisomeshwa na shirika moja la kusaidia mayatima, na shirika likaleta barua: Alhamisi, saa nane mchana, afisa atakuja kutazama nyumba na kuzungumza na mlezi. Mtoto akionekana hana pa kulala panapofaa, atapelekwa bwenini, mwendo wa siku mbili, na kurudi nyumbani ni mara moja kwa mwaka. Afisa mwenyewe ni mgeni, Kiswahili hakijui. Mkalimani wake yuko likizo ya uzazi, na mtoto haruhusiwi kutafsiri habari zake mwenyewe. Kwa hiyo mazungumzo yatakuwa ya Kiingereza.

Mama mdogo aliisoma barua mara mbili, akaikunja mara nne, akaiweka kwenye kopo la vifungo. Usiku ule alilala kama gogo.

Sisimizi ndiye aliyeanza mafunzo. Afisa huyo, alisema, aliwahi kwenda kwa mwenzake wa darasani, akauliza kila kitu ni cha nani, mpaka sufuria.

Kiingereza cha mama mdogo kilikuwa cha shule ya msingi, kimelala miaka thelathini na mitano. Salamu zilikuwapo, namba zilikuwapo. Kazi ikawa hapo kwenye cha nani. Sisi tukisema chake, basi, ni chake, awe mwanamume awe mwanamke. Wenzetu hawaachi hivyo. Lazima kwanza ujue mwenye kitu ni wa kiume au wa kike. Wa kiume ni *his*, wa kike ni *hers*. Mama mdogo akawa anachanganya. Buti za mlinzi wa chumba cha jirani akazifanya za mwanamke, na sketi ya shule akampa mlinzi.

"Mama mdogo, umemvalisha mlinzi sketi tena."

"Itamkaa. Ana kiuno." Alilisema hilo uso mkavu, hata mtoto asijue acheke au anyamaze.

Siku ya tatu Sisimizi akauliza kule kazini wanatofautishaje shuka za wodi ya wanaume na za wanawake. Mama mdogo akamweleza kwamba kila shuka ina mshono mdogo kwenye pembe: wa wanaume uzi wa buluu, wa wanawake uzi mwekundu. Shuka moja ikienda wodi isiyo yake, msimamizi anarudisha toroli zima. Yeye, miaka ishirini, hajarudishiwa hata foronya.

"Basi kabla hujasema, tazama uzi," Sisimizi alisema.

Kuanzia hapo hakukosea. Kila kitu kilichotajwa alikiona kichwani kina mshono kwenye pembe, akatamka.

Wakapita chumba chote, maana kilikuwa chumba kimoja: kabati, meza, jiko, kitanda kimoja. Kitana, changu. Daftari, lako. Wakafika kwenye sweta ya kijivu, yenye kifungo kimoja kisichofanana na vingine. Mama mdogo na dada yake waliivaa kwa zamu miaka kumi. Aliyeanza kusikia baridi ndiye aliyeichukua. Nani aliinunua, hakukumbuka. Aliigeuza, akatazama pembe zake kana kwamba huenda mna uzi.

"Hiyo tuiache," Sisimizi alisema, akaikunja akairudisha kabatini.

Kilichobaki ni kitanda. Walikilalia watatu, sasa wawili, na barua ilisema pa kulala mtoto. Mlinzi wa jirani, aliyekesha akilinda ghala na kulala mchana, alizisikia habari hizo ukutani, maana ukuta wenyewe ulikuwa wa mbao. Akaja akasimama mlangoni.

"Dada, chukueni changu siku hiyo. Mimi nitalala chini. Mimi na sakafu hatujawahi kugombana."

Mama mdogo akasema asante, weka pale. Alhamisi asubuhi wakakihamisha. Akatandika shuka safi, akavuta pembe, akatia mshono mdogo wa uzi mwekundu. Mkono ulishona wenyewe; yeye alikuwa akitazama dirishani.

Saa nane afisa akafika, mwanamke mrefu, akavua viatu mlangoni bila kuambiwa. Sisimizi alikaa kwenye kigoda, mikono katikati ya magoti, mdomo kaubana. Maswali yakaenda vizuri. Kabati la nani? Langu. Vitabu? Vyake, wa kike. Afisa aliandika huku akitikisa kichwa kwa kuridhika. Akafika kwenye kitanda kile cha mlinzi, akauliza ni cha nani. Mama mdogo akajibu kama walivyofanya mazoezi, kwamba ni cha mtoto. Afisa akabonyeza godoro, akainua mto.

Chini ya mto palikuwa na filimbi ya shaba yenye kamba nyeusi. Mlinzi alikuwa ameisahau.

Afisa akaishika kwa kamba, akauliza ni ya nani.

Filimbi ni kitu ambacho hata mtoto anaweza kuwa nacho. Neno moja tu, *hers*, lilitosha, na lilikuwa tayari kwenye ulimi. Sisimizi alitazama sakafu. Mama mdogo alitazama pembe ya shuka, akauona uzi mwekundu pale, juu ya kitanda cha mwanamume. Miaka ishirini hajafanya hivyo.

"*His*," akasema.

Kalamu ya afisa ikasimama. Akamtazama mtoto, akatazama kitanda, akauliza polepole kama kuna mwanamume anayelala humu na mtoto huyu.

Ndipo mama mdogo alipoona alichokileta. Akajibu kwa Kiingereza, neno moja moja, kama anayetundika nguo kwenye kamba. Filimbi ni yake, wa kiume. Kitanda ni chake pia. Yeye ni jirani, chumba chake ni hicho cha pili. Mtoto analala kwangu, kwenye kitanda changu, ubavuni kwangu. Nilisema uongo kwa sababu sitaki aende.

Afisa alitoka miguu mitupu, akagonga mlango wa pili. Mlinzi alifungua akiwa amevaa sare nusu, mkeka sakafuni nyuma yake.

"Vipi, kitanda kimefaulu?"

Hakuna aliyetafsiri. Afisa alikuwa akitazama sakafu ya saruji kando ya ukuta, mahali palipokuwa na alama nne za miguu ya kitanda, zimechimbika kwa miaka. Akarudi, akakata mstari kwenye karatasi, akaandika mwingine.

Alisema taratibu, ili aeleweke. Mtoto atabaki. Stoo ya shirika ina vitanda, kimoja kitaletwa. Baada ya miezi mitatu atarudi, na siku hiyo asionyeshwe kitu cha mtu mwingine. Mama mdogo akasema asante. Alingoja furaha ije, haikuja, akaacha kuingoja.

Walirudisha kitanda, mlinzi mbele, Sisimizi nyuma. Mama mdogo alibaki kuufumua ule uzi kwa ncha ya sindano.

"Yote umepatia, mama mdogo," Sisimizi alisema aliporudi. "Hukukosea hata moja."

"Pakua tule."

Mtoto akavaa ile sweta, akapakua maharage aliyoyapika. Mama mdogo akala tonge la kwanza, la pili. La tatu alilishika mkononi.

"Mwanangu, mbona chumvi imezidi hivi?"

"Imezidi wiki sita," Sisimizi alisema. "Nilikuwa nangoja useme."