Mama Mkwe Anasa Pini

Mshonaji alikuwa akipinda suruali ya mteja pale pini zote zilipotoka kwenye kikopo, zikavuka chumba na kumganda mama mkwe wake shingoni. Mama mkwe alikuwa akichambua mchicha. Alizibandua moja moja, akamwomba mkwewe awe anafunika vitu vyake.

Mchicha huo ulilimwa nyuma ya nyumba na kumwagiliwa maji ya kijito kilichoshuka kutoka mgodini, chenye rangi ya chai ya maziwa. Karibu kila nyumba ya bondeni ilikuwa na mtu anayenasa vyuma. Mwenye duka hakuweza kufunga mlango mpaka abanduliwe kufuli kiganjani. Ila mama mkwe alipenda mboga kuliko wote. Akipita jikoni, sufuria zilimfuata.

Wawili hao hawakuwa wakiivana. Sasa mshonaji akipoteza sindano alimwomba mama mkwe apite taratibu, naye alipita akinung'unika kwamba hakumwoza mwanawe ili yeye ageuzwe kifaa cha ushonaji. Moyoni alifurahi kuhitajiwa.

Mgodi ukamtuma afisa. Alieleza kwa upole kuwa maji yamepimwa na ni salama kabisa. Aliposogea kuaga, chuma cha mkanda wake kikanasa kwa mama mkwe, wakabaki tumbo kwa tumbo hadi saa ya chakula. Mama mkwe akamkaribisha mchicha na maji. Afisa akasema amefunga, kisha akanywa maji ya chupa aliyokuja nayo.

"Si umefunga?" mshonaji akauliza.

"Nafunga nikiwa huku tu."

Walimvua mkanda, akaondoka ameshikilia suruali. Baadaye mgodi ulileta msaada: vijiko vya plastiki kwa kila nyumba. Bomba la maji machafu la mgodi liliendelea kumwaga kijitoni.

Mshonaji alipojua ana mimba, alimtuma mumewe akatafute maji kwingine. Mume alizunguka na madumu kutwa nzima, akarudi nayo matupu. Visima vyote vilikuwa na rangi ile ile.

Mama mkwe akaweka kiganja kwenye tumbo la mkwewe. Kikaganda. Alivuta mara mbili, akaacha.

"Kameshanijua," alisema.

Mshonaji alilia, na mama mkwe akamfuta machozi kwa mkono uliobaki. Halafu, kwa kuwa chakula kilikuwa hakijapikwa na kiganja hakikubali kutoka, walibeba ndoo wakashuka wote wawili kijitoni kuteka maji, mmoja akitembea kinyumenyume.