Escudo ya Mikumi

Agnesi alikuwa anatafuta gari, na sababu yake ukoo mzima uliijua. Baba yao alifia kitandani Msowero, siku ya Pasaka mwaka juzi, akisubiri gari lake mwenyewe limpeleke hospitali. Kaka yake Agnesi, Urbanus, ndiye aliyekuwa ameliazima. Alipopigiwa simu alisema injini imeungua Dumila, na baadaye akasema ameliuza chuma chakavu. Sasa mama naye alikuwa ameanza kusumbuliwa na moyo, na Agnesi alikuwa ameapa kwamba huyu hatasubiri gari la mtu.

Yalibaki mawili ya kuchagua. Rav4 iliyokuwa ikiuzwa Kilosa ilikuwa na injini ya cc 2000, gia otomatiki, na kwenye lami ilitulia kama kitanda. Lakini alipoijaribu kwenye makorongo iligonga chini mpaka meno yakamuuma. Ya pili ilikuwa Escudo kuukuu ya Mikumi, cc 1600, gia za mkono, tumbo lake limeinuka mbali na ardhi.

"Chukua Rav4," Urbanus alisisitiza kwenye simu. "Hiyo ya Mikumi achana nayo kabisa."

Hajaiona hata kwa macho, huyu bwana, na tayari anaiponda! Agnesi akapanda basi la Mikumi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Lenyewe ndilo hilo," alisema Mzee Mudi, mwenye gari.

Lilikuwa la kijani. La baba, Escudo pia, lilikuwa jeupe, na namba yake Agnesi hakuwahi kuikariri. Akavuta kitasa cha mlango wa dereva, mlango ukagoma. Bila kufikiri akausukuma kwa goti, akakivuta tena huku akikiinua, ukafunguka.

Mzee Mudi akamkodolea macho. "Umejuaje? Wateja wote huwa nawafungulia kwa ndani!"

Mlango wa gari la baba ulikuwa ukifunguliwa hivyohivyo. Aliingia, akachungulia pembeni ya usukani, pale alipochora herufi A kwa msumari wakati baba anamfundisha kuendesha, akafokewa mpaka akalia. A ilikuwepo. Akapiga stata, injini ikaitika mara moja.

"Mzee, injini hii ulibadilisha?"

"Thubutu! Ni ileile, nilibadilisha rangi tu. Nililinunua Ijumaa Kuu, mwaka juzi, kwa kijana mmoja wa huko kwenu. Pasaka yenyewe nilishinda nalo hapahapa, nazungusha wakwe."

Agnesi alihesabu siku. Baba anakata roho, gari lake zima linazungusha wakwe wa watu Mikumi! Hakuna injini iliyoungua. Kaka yake alikuwa ameshaliuza kimyakimya.

Simu ikaita. Alikuwa Urbanus.

"Vipi, dada, umeamua lipi?"

Akaweka simu juu ya dashibodi, akakanyaga mafuta, injini ikanguruma.

"Unalisikia, kaka?" alisema. "Ni gari la baba. Linawaka."